Hema ya familia: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa pesa

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wakati volkano Nyiragongo ililipuka, familia nyingi za Goma zilitoka nyumbani na kile mikono iliweza kubeba: godoro, sufuria, bidoni ya maji. Nyuma ya siku tano, watu wakaambiwa kuhama sehemu kubwa ya muji, na wengi wakalala Sake na fasi zingine, katika shule, katika kanisa, ao inje kabisa. Tangu wakati ule kuko wazazi wenye kujiuliza kama haifai kuwa na hema nyumbani, imekunjwa, inangojea. Wengine wanaitafuta juu ya shamba la mbali, juu ya machimbo, ao juu ya kambi ya watoto wa skuti na Kiro. Ni bei kubwa kwa nyumba nyingi, na ukikosea hakuna wa kukurudishia pesa.

Tuanze na kitu chenye kudanganya wanunuzi zaidi: namba ya watu. Kwenye mufuko wa hema wanaandika «watu 4», «watu 6», «watu 8». Ile hesabu ni ya watu wenye kulala wamepangwa kama samaki katika kopo, bila mizigo, bila mutoto mwenye kugeuka-geuka usiku. Usisome namba ya watu. Soma urefu na upana wa chini. Kanuni za Sphere, zenye mashirika ya musaada yanafuata katika inchi nyingi, zinaomba angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mutu, bila kuhesabu fasi ya kupikia. Sasa chukua hema ya «watu 6» yenye mita 3 kwa mita 3. Ni mita za mraba 9. Ukigawanya, unapata watu wawili na nusu! Kwa siku mbili mutajibana watu wanne ao watano; kwa mwezi muzima, hapana. Hema ya familia ya HCR iko na mita za mraba 16 ndani, na vibaraza viwili vyenye kufanya yote ifike 23, na imepangwa kwa watu 5. Kwetu, nyumba yenye watu 5 tu inahesabiwa kuwa ndogo.

Kisha, urefu. Hema yenye umbo la nyumba, yenye kuta zimesimama, inaruhusu mama avae kitenge akiwa wima na mugonjwa atoke bila kutambaa. Kwa kukaa siku nyingi, ile ni heshima ya mutu, si anasa. Ubaya wake ni upepo: ukuta wenye kusimama unaupokea kama tanga la mutumbwi. Hema ya muviringo, yenye kufanana na mugongo wa kobe, inauacha upite juu. Mwenye kukaa pembeni ya Tanganyika ao juu katika milima ya Masisi na Lubero, akitaka hema ya kuta ndefu, anunue na kamba za ziada, na achunguze vyuma vyake moja kwa moja: kile chenye kupindika kwa mikono ya mutu hakitashinda zoruba.

Kuhusu kitambaa, tafuta karatasi ndogo yenye kushonwa ndani, kisha namba yenye kufuatwa na «mm». Inaonyesha kimo cha maji chenye kitambaa kinaweza kubeba mbele ya kuanza kuvuja. Chini ya 1500, ni hema ya kiangazi. Kwa mvua za Kivu, sisi tungeanzia 3000, na chini iwe na nguvu kupita juu, sababu goti la mutu linasukuma maji yapite. Angalia pia fasi kitambaa kinashonwa: kwa ndani kuwe utepe wenye kufunika tundu za sindano. Na uchague yenye vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, bila kugusana. Hema ya kitambaa kimoja inalowa ndani hata kama mvua haikunyesha. Watu wanasema inavuja, kumbe ni pumzi zao zimegeuka maji.

Jua nalo linakula kitambaa. Hata ile ya HCR, yenye uzito wa karibu kilo 55, imetengenezwa ili ivumilie angalau mwaka mumoja. Hema ya kilo 6 yenye kushinda inje kila siku, usiiombe miaka mitano.

Hapa Goma kuko shida yenye haiandikwe kwenye mufuko wowote: udongo wenyewe. Kwenye mawe ya volkano, vile vijiti vya chuma vya kufungia kamba havingii. Utagonga mupaka vipindike. Funga kamba kwenye mawe makubwa ao kwenye mifuko yenye kujazwa mawe, na mbele ya kutandika, lala bashi ya zamani ao nyasi nyingi chini, sababu jiwe la lava linapasua sakafu kwa usiku mumoja. Kwa ile sababu, hema yenye kusimama yenyewe kwa vyuma vyake inafaa hapa kupita ile yenye kusimama kwa kuvutwa na kamba tu.

Na kuna mazuku. Kati ya Goma na Sake, karibu na ziwa, gaz kaboniki inatoka chini, na sababu iko nzito kupita hewa inajikusanya katika mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku kama hakuna upepo. Mutu mwenye kusimama anaweza kupita bila kujua. Mwenye kulala chini haamuke. Kwa hiyo ile fasi ya chini, yenye kukingwa na upepo, yenye mutu wa mbali angeona kuwa nzuri, ndiyo ya kuogopa. Uliza wenyeji. Ukiona panya ao ndege wamekufa pale, ondoka. Kando ya mito pia, hapana: Kalehe mwezi wa 5 mwaka 2023, kule Bushushu na Nyamukubi, maji yalishuka kutoka mulimani na kubeba vijiji pamoja na watu.

Mbabula isiingie ndani ya hema hata kama baridi inauma. Makala yenye kuwaka katika fasi ya kufungwa inatoa gaz yenye haina harufu, na inaua. Buji nayo inahitaji sekunde chache tu. Kati ya hema na hema acha angalau mita 2.

Kwa familia ya watu 7 ao 8 yenye haina pesa nyingi, maoni yetu ni haya: bashi mbili za nguvu (wengine wanasema shitingi), miti na kamba, zinafaa kupita hema moja ya bei ya chini. Bashi ya musaada ya kawaida ni mita 4 kwa mita 5, yenye kufumwa kwa nyuzi za plastiki, na katikati iko nyeusi. Ule weusi si mapambo: unazuia mwangaza, ili usiku ukiwasha taa, watu wa inje wasione kivuli chako ukivua nguo. Sokoni, inua bashi mbele ya jua. Kama unaona vidole vyako upande wa pili, ni nyepesi. Zile zenye alama ya mashirika, kuko familia zenye ziliuza yao ili zipate unga, hatutahukumu mutu. Lakini kwaruza kona kwa kucha: ikitoa unga ao ikilia kama karatasi kavu, jua limeshaimaliza.

Hema usiinunue ikiwa katika mufuko. Omba muuzaji aisimamishe, hesabu vyuma, fungua na funga zipu mara kumi, ingia ndani mchana na utafute nukta za mwangaza. Akikataa, nenda kwa mwengine. Ukifika nyumbani, isimamishe tena kwenye parsele pamoja na watoto, mumwangie maji kwa bidoni, na kila mutu ajue chuma gani kinaingia wapi, hata katika giza. Kisha ikauke kabisa mbele ya kukunjwa; ikiwekwa na unyevu, ukungu utakuwa umeikula siku ile utaihitaji.