Presha ya Wazee Wetu Ilitoka Wapi?

Leo tunaangalia historia ya presha hapa Kenya.

Wengi huamini kwamba mtu akizeeka, lazima presha ipande. Historia yetu inakataa. Mwaka 1929, daktari Mwingereza C. P. Donnison alichapisha matokeo ya kupima presha ya Waafrika wapatao 1,000 huko Nyanza kusini. Baada ya miaka 40, presha yao haikupanda kama ya Wazungu, bali ilielekea kushuka.

Ni nini kilibadilika? Mwaka 1990 watafiti walichapisha habari za Waluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi. Muda mfupi baada ya kufika mjini, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi, na uzani wao ulikuwa mkubwa zaidi. Watu ni wale wale. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Maisha hayo sasa yamefika vijijini pia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja.

Hapa Eldoret, mpango wa AMPATH ulioanza mwaka 2001 kwa ajili ya UKIMWI uliongeza baadaye huduma za presha na kisukari. Kule Turbo na Kosirai, wahudumu wa afya ya jamii wamesaidia kuwaunganisha wenye presha na kliniki. Tangu mwaka 2023, wahudumu hao kote nchini wamepewa mikoba yenye mashine ya kupimia presha.

Mama, usingoje mzee alalamike. Presha mara nyingi haina dalili mpaka kiharusi kinapompiga. Mpeleke zahanati apimwe. Apumzike kwanza dakika 5, mkono ukiwa umeegemea meza. Ikifika 140/90 au zaidi, arudi siku nyingine ithibitishwe. Akipewa dawa, asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Nyumbani, punguza chumvi sufuriani na uiondoe mezani.

Uzee hatuwezi kuuzuia. Presha tunaweza kuidhibiti. Kwaherini hadi kipindi kijacho.