Mifupa Iliyoumua Mkate

Mwaka 1856 Eben Horsford, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa hataza ya Marekani kwa unga mweupe wenye uchachu uliotokana na mifupa ya wanyama. Mifupa ilichomwa, ikasagwa, ikatiwa asidi ya salfa. Kilichopatikana ni fosfeti ya kalsiamu ambayo, ikikutana na baikaboneti ya soda ndani ya unga uliokandwa, hutoa gesi na kuuumua bila kungojea hamira. Habari hii husimuliwa kama ya mtu aliyewapunguzia wapishi kazi. Mimi naisoma kama habari ya bidhaa iliyonadiwa kwa jina la afya, ikashinda kwa sababu nyingine kabisa. Horsford alikuwa amesoma Giessen, Ujerumani, kwa Justus von Liebig, aliyefundisha kwamba uhai husimama juu ya madini. Akaona kwamba kinu kikichekecha ngano ili unga uwe mweupe, fosfeti huondoka na pumba. Basi kinachoumua mkate kiirudishe.

Atatokea wa kusema hilo lilikuwa domo la biashara, kwani Horsford alikuwa mshirika katika kiwanda cha Rumford Chemical Works, Rhode Island. Faida aliipenda, sawa, lakini pumba kweli hubeba fosfeti, wala hakuibuni hoja hiyo ili auze. Udhaifu wake uko kwingine. Fosfeti imejaa katika maziwa, nyama na kunde, hivyo ni wachache wanaoikosa. Madini ya chuma na vitamini za kundi B, ambazo mkate mweupe ulizipoteza kwa hasara kubwa zaidi, hakuzirudisha. Vitamini zenyewe zilikuwa bado hazijagunduliwa.

Kilichoamua ni bei. Mshindani wa unga wa Horsford alikuwa chumvi chachu inayoganda ndani ya mapipa ya mvinyo, na Wamarekani waliiagiza Ulaya kwa gharama. Mifupa ilikuwa machinjioni kwao. Walioona kinyaa walijibiwa na wakati, maana viwanda baadaye vilihamia kwenye miamba ya fosfeti inayochimbwa ardhini. Leo fosfeti za kalsiamu zina namba E341. Moja huumua keki, nyingine huzuia chumvi ya mezani isigandamane, na hiyohiyo hutiwa katika maziwa ya soya na juisi ya machungwa. Huko dai la afya limerudi, ila sasa kinachonadiwa ni kalsiamu.