Filamu fupi za mavazi: tangazo lisilotaja bei

Ukipita Ndia Kuu siku ya upepo mzuri huenda ukamkuta mwanamitindo kasimama mbele ya mlango wa nakshi, kamera mbili zikimwelekea. Wengi hudhani ni wimbo unapigwa. Siku hizi yaweza kuwa tangazo la nguo, ila si tangazo la kupiga kelele. Ni filamu fupi ya sanaa.

Filamu ya namna hii haikwambii njoo ununue. Ina kisa, muziki na wahusika kama sinema yoyote, nayo nguo imevaliwa tu. Kampuni ya Miu Miu ya Italia ilianza mwaka 2011 mfululizo uitwao Women's Tales: mwanamke mtengenezaji filamu hupewa uhuru wa kisa, sharti wahusika wavae nguo za kampuni. Ava DuVernay wa Marekani alitengeneza The Door, 2013. Chanel walitangulia mwaka 2004 kwa manukato yao, wakamtumia Nicole Kidman.

Kwetu Kenya mfano ninaoupenda ni To Catch a Dream ya 2015, kazi ya Jim Chuchu na wenzake wa The Nest Collective, Nairobi. Ajuma Nasenyana, mwanamitindo wa Turkana, ni mjane anayeandamwa na majinamizi, akaamua kujaribu dawa ya ajabu ya kuyaondoa. Mavazi na mapambo ni ya wabunifu wa hapa nchini, miongoni mwao Kepha Maina, Katungulu Mwendwa na Adèle Dejak. Ukimaliza kuitazama huna habari ya bei, lakini waliobuni umewajua, maana wametajwa.

Hapo kwenye kutajwa ndipo penye kazi. Wauza leso wa Mombasa wanalijua hilo zamani. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887, hupiga chapa leso zake "Mali ya Abdulla", na chini ya mji wa leso hukaa jina, yale maneno ambayo mama huyasoma kabla hajaulizia bei. Kitambaa kinabeba kisa, na kinabeba pia jina la mwenye mali. (Leso isiyo na maneno, nani aitake?)

Sasa fikiria filamu iliyopigwa kwenye vichochoro vyetu, kikoi begani, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, na mwishoni limeandikwa jina la kampuni ya nguo peke yake. Si hofu ya bure. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara huko kwao. Wakenya na marafiki zao walipinga, na ombi halikufaulu.

Kwa hivyo fundi akiombwa nguo zake zitumike, naona aulize kwanza jina lake litaandikwa wapi, filamu itaonyeshwa wapi na kwa muda gani, kisha yaandikwe na malipo yake. Mpiga filamu naye anatakiwa awe na kibali chini ya sheria ya filamu, Sura ya 222. Lakini kibali hicho hakimpi ruhusa ya kuingiza kamera ukumbini mwa mtu, wala kuwanasa kina mama waliokaa barazani. Hiyo huombwa kwa wenyewe, kwa hodi.