Sitara ya Mtu na Karatasi ya Safari

Sisi watu wa pwani twaijua hodi. Mgeni hubisha mara tatu, na asipoitikiwa hurudi zake, wala hachungulii dirishani. Nyumba ina sitara yake. Nayo aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat imekataza dhana mbaya na kupelelezana.

Basi mtazame Hasan Elahi, msanii wa Marekani aliyezaliwa Bangladesh mwaka 1972. Mwaka 2002 alizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Detroit, kwa kuwa huko Florida kulitolewa habari ya uwongo kwamba kuna Mwarabu aliyeficha mabomu akatoroka. (Mwarabu, naye ni Mbengali!) Makachero wa FBI walimhoji kwa miezi 6, wakampima kwa mashine ya kutambua uwongo, kisha wakamwachia pasipo shitaka. Kwa hofu ya kukamatwa tena, akawa kila akisafiri huwaarifu mwenyewe. Baadaye hofu hiyo akaigeuza sanaa: akaweka hadharani, katika intaneti, picha za vyakula alivyokula, vitanda alivyolalia, hata vyoo alivyoingia. Hoja yake ni kuwa akitoa yote, siri ya mpelelezi haina thamani tena. Ni werevu, lakini mimi naona uchungu, mtu kujivua sitara ili aaminiwe.

Kwetu Tanzania palikuwa na upelelezi usiohitaji mashine. Njia ya Mpanda kwenda Sumbawanga hupita Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Upande wa Mpanda yako makazi ya Katumba, yaliyofunguliwa 1973 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Serikali iliwapa ardhi wakalima, na ni haki kulisema hilo. Lakini chini ya sheria ya wakimbizi ya 1965, hawakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali. Aliyetaka kwenda Sumbawanga kuuza mazao au kuzika ndugu, sharti kwanza aeleze aendako na kwa nini. Hapo Sitalike mwenyeji alijipitia tu. Yeye alipita na karatasi yake, wala hakuna aliyeiita sanaa. Na watoto waliozaliwa Katumba, ambao Burundi hawakuiona kwa macho, wakairithi karatasi ile.

Mwaka 2007 mlango wa uraia ulifunguliwa. Watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa, na hati zao zikaanza kugawiwa 2014, wakati wengi wa wale walioomba vibali vya kwanza wamekwisha kuwa wazee.