Kaunta ya zamani Mukurweini ni ya nani?

UZI 🧵 Mjadala wa pombe Nyeri huishia kwa leseni: nani afungiwe, nani aachwe. Baa ikishafungwa, jengo je?

Mnazijua zile baa na loji za masoko ya Mukurweini. Bucha mbele, kaunta imezungushiwa vyuma, vyumba nyuma, ukutani michoro ya mkono. Pesa za kahawa ziliishia humo, hasa bei ilipopaa 1976 na 1977 baada ya baridi kuunguza mikahawa ya Brazil. (Akina mama wana yao ya kusema kuhusu hizo pesa, na wako sawa.)

Jengo likibaki gofu, vyuma vinaenda kwa skrapu, mbao zinakuwa kuni, mchoro unafunikwa na rangi ya tangazo.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamruhusu waziri kulinda jengo la kihistoria kupitia Gazeti la Serikali. Lakini waziri ataanzia baa ya kijijini kweli?

Sasa soma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Leseni za pombe na makavazi ziko kipengele kimoja, na zote ni kazi ya kaunti. Anayetuma askari kufunga mlango angeweza pia kutuma mtu apige picha hiyo kaunta kabla wa skrapu hawajafika. Muulize MCA wako kama kuna orodha.