Paka wa Sokoke na Hesabu ya Mababu

Niliacha chuo mwaka wa pili, hapa Thika, wakati tu tulikuwa tumeanza jenetiki. Karo iliisha kabla ya silabasi. Kitu kimoja kilibaki kichwani: idadi ya wanyama si idadi ya mababu.

Fikiria matatu ya Ruiru kwenda Thika. Konda anahesabu vichwa 14, gari imejaa. Lakini kama wote ni ndugu wa nyumba moja, ugonjwa unaoweza kumuua mmoja unaweza kuwamaliza wote.

Hiyo ndiyo hadithi ya paka wa Sokoke. Mwaka 1978, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke kule pwani, Jeni Slater alipata paka wachanga shambani kwake, wenye mabaka kama gome la mti. Ati "aligundua", na Wagiriama walikuwa na jina lake tayari: khadzonzo. Mwaka 1984 Gloria Moeldrup akapeleka wachache Denmark. Mwaka 1993 shirika la FIFe likawatambua kama aina kamili. Wengi walidhani ni paka wa porini. La, ni paka wa kufugwa aliyezoea msitu.

Shida ni hao wachache. Kila kizazi Ulaya binamu alioa binamu, hadi miaka ya 2000 wafugaji wakarudi Kenya kutafuta damu mpya.

Kupima ni rahisi kueleza. Unafuta shavu la paka kwa pamba, unasoma sehemu kadhaa za DNA. Kila sehemu ina nakala mbili, ya mama na ya baba. Zikifanana kila mahali, wazazi walikuwa karibu mno. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzao walichapisha vipimo vya paka zaidi ya 1,100: aina 22, pamoja na paka wa kawaida kutoka mabara matano. Paka wa mitaani bado wana utajiri wa jeni. Hao wa "pure" wameupoteza, na haijalishi aina ni ya zamani au ya juzi.

Ruiru tulishalipia somo hili kwa kahawa. Ugonjwa wa chulebuni ulipovamia mashamba mwaka 1968, dawa ilikuwa ghali. Watafiti wa hapa wakachanganya kahawa yetu na mbegu za mbali, mojawapo chotara wa Timor. Ruiru 11 ikatoka 1985.

Lakini kwa kimburu, paka-mwitu wetu, mambo yanageuka, na hapa ndipo mimi hukwama. Akiwa kizuizini, watunzaji huandika kitabu cha ukoo: mama, baba, babu. Kitabu hakijui kama wale wa kwanza walionaswa walikuwa ndugu. DNA inajua. Ila ukikuta damu imebana, huwezi kuokota paka wa mtaani. Watazaana vizuri sana, na baada ya vizazi vichache hutakuwa na kimburu, utakuwa na paka wa bucha mwenye miguu mirefu. Lazima damu itoke kwa kimburu mwingine, na porini pia anakutana na paka wetu kila usiku.

Juzi jirani wa ploti yetu aliniuliza wapi nitampatia paka "pure". Nikamwonyesha yule wa bucha. Alicheka tu.