Chungu cha Mtoto: Posho, Mboga na Mabaki ya Chakula katika Historia ya Katanga

Historia ya miji ya migodi ya Katanga imezoea kuandikwa kwa tani za shaba, kwa reli na kwa migomo. Chungu cha mama hakikupewa nafasi kubwa. Hata hivyo, chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa hudhihirisha jambo zito: ni nini kilichohesabiwa na wakubwa, na ni nini ambacho hakuna aliyekihesabu.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ulioitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910. Hapo mwanzo wafanyakazi wengi waliletwa kwa mikataba mifupi, bila jamaa zao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake: mfanyakazi alitakiwa kukaa kambini miaka mingi, pamoja na mke na watoto. Posho, neno la misafara ya karne ya 19 ambalo watu wa Katanga hulitamka mposho, ikawafikia jamaa nao, na akina mama wakatakiwa kupeleka watoto wachanga kupimwa. Mganga Léopold Mottoulle, mmoja wa viongozi wa siasa hiyo, alichapisha mwaka 1946 matokeo ya miaka yake ishirini. Haikuwa huruma tupu, kwani mtoto wa kambi alitazamwa kama mfanyakazi wa kesho.

Moyo wa posho ulikuwa unga wa mahindi. Unga hushibisha, lakini uji wa mahindi matupu haumjengi mtoto. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto waliolishwa mahindi. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina la lugha ya Kiga, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa ajili ya mdogo wake.

Upungufu huo wa posho ulizibwa na mikono ya wanawake. Lengalenga, matembele, maboga, sombe, papai na maembe havikuwa na mizani wala daftari. Katika nyumba nyingi mama hutenga sehemu ya mtoto kabla ya kutia pilipili. Kipande cha boga au cha kiazi kitamu kilichobaki huchemshwa upya, hupondwa na kutiwa katika uji pamoja na karanga zilizotwangwa au unga wa ndagala. Ndizi iliyoiva mno, isiyouzika tena sokoni, ndiyo hasa ifaayo kinywa kisicho na meno. Ujuzi huo una masharti yake: mtoto asiyetimiza miezi sita hupewa ziwa tu; sombe hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke; na chakula kilichochacha hakipewi mtoto, hata kama nyumba ina njaa.

Thamani ya ujuzi huo ilionekana wazi posho ilipotetereka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba mwaka 1986. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na mwaka 1994 shaba iliyotolewa haikufika tani 50,000. Mishahara ikachelewa na magunia ya unga yakawa haba. Bustani, soko dogo na chungu cha mama vikabeba mzigo ambao kampuni ilikuwa imejivunia kuubeba. Mwaka 2004 kitabu Byakula, kilichosimamiwa na Pierre Petit, kiliupa ulaji wa Lubumbashi nafasi yake katika utafiti wa chuo kikuu.

Lakini haifai kuusifu umaskini. Mabaki huwapo pale tu palipoliwa. Chungu kitupu hakibakizi kitu. Linalodhihirika katika historia hii ni kwamba afya ya watoto wa Katanga haikutoka katika ghala la kampuni peke yake. Sehemu yake kubwa ilitoka kwa wanawake ambao majina yao hayamo katika daftari lolote. Mwanahistoria anayehesabu magunia ya unga bila kuuliza nani alichuma mboga atakuwa ameandika nusu tu ya habari.